Sentimita Tano za Jangwa

Ilianza Jumamosi, tarehe 4 Aprili 1998, saa tatu na nusu asubuhi, simu ilipolia nyumbani kwetu Sydenham, mtaa wa Durban. Alikuwa baba, akipiga kutoka Urumqi, kaskazini-magharibi kabisa mwa China, alikokwenda kutafuta mazulia ya kuja kuuza Durban. Alisema baada ya saa moja angeruka kwenda Hotan, mji mdogo ulio ng'ambo ya jangwa. Akitua tu, atapiga. Simu ikakatika.

Mama ni mtu wa Tanga. Kwake yeye, msafiri akiwa njiani nyumba haifagiliwi mpaka afike, maana ukifagia unamfutia njia. Na mchana tulikuwa na wageni wa kisomo cha Kurani, makombo ya tangu juzi yamejaa sakafuni. Akaniuliza safari ile ni ya muda gani, kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma jiografia.

Mimi si msemaji. Lakini niulize kitu cha kitabuni uone kiburi kinavyonipanda. Nikafungua atlasi, nikaweka rula: sentimita tano, yaani kilomita elfu moja. Ndege, tuliambiwa darasani, inakwenda mia nane kwa saa. Kwa hiyo saa moja na robo.

Dada wa Kikongo aliyepanga chumba chetu cha nyuma, msusi, akachungulia begani kwangu. "Petite, kumbe weye njo pilote," akasema, yaani kumbe mimi mdogo ndiye rubani. "Na hapa katikati iko nini?"

Nikaangalia. Palikuwa na vitone tu, alama ya mchanga wa jangwa, bila jina hata moja.

Saa sita kasorobo mama akaja. "Ameshatua?"

Ningeweza kusema ni hesabu yangu tu. Nikasema, "Ameshatua, mama."

Akafagia nyumba nzima.

Simu haikulia. Wageni walikuja, wakasoma, wakala, wakaondoka. Mama alikuwa akinyanyua simu kila mara kusikiliza kama bado ina mlio. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza. Hata nikiosha vikombe nilimwona baba amesimama kwenye vile vitone, pale kwenye sentimita ya tatu, na koti lake la kahawia, akigeuka huku na huku kama mtu aliyesikia anaitwa. Niseme ukweli: nilimwogopa. Nilimwogopa baba yangu mwenyewe, kama maiti anayejua nilichosema.

Asubuhi ya Jumapili, saa moja, akapiga. Bado yuko Urumqi. Alisema hata siku ya shwari safari ile inakaribia saa mbili, na jana walipofika juu ya Hotan upepo wa mchanga ulikuwa umeufunika uwanja wote. Rubani akazunguka, akazunguka, akarudi. Watu walikuwa wanatoa shahada kwa sauti. Walipotua, laini za kupiga nje zilikuwa zimekatika hadi muda huu. Leo anapanda tena.

Mama akaweka simu, akafuta macho kwa pindo la kanga. "Haya, leo itachukua muda gani?"

Nikamwambia sijui. Kisha nikamwambia hata jana sikujua, na kwamba wakati ule anafagia, baba alikuwa bado angani.

Akaurudisha ufagio nyuma ya mlango. "Basi tukae," akasema.

Nikavuta kiti karibu na simu, nikakaa.