Mmh ya Chini ya Maji

Wacha niwaambie vile mimi, mama mzee wa magoti mbovu, nilijifunza kupinduka ndani ya maji kama samaki imechokozwa. Kaeni vizuri, na mkiona nimepotelea kando mnirudishe, kwa sababu mimi nikianza kuongea huwa naenda mbali.

Nilizaliwa Ukambani, upande ule maji inachimbwa kwa mchanga. Unachimba na mikono, unangoja, maji inakuja kidogo kidogo kama inaona haya, unachota na kikombe. Sasa mtu amekua hivyo atajulia wapi kuogelea? Hata hapa Kitengela, tangu mzee wangu, Mungu amrehemu, aletwe na kazi ya kiwanda cha simiti, maji yetu ni ya mkokoteni wa punda. Mtungi ikimwagika kwa nyumba, watu wananuniana mpaka jioni.

Halafu magoti ikaanza. Daktari akasema nipunguze kumeza dawa, niingie kwa maji, maji itanibeba. Msichana wangu wa kuzaa akanipeleka kwa hoteli fulani hapo kando ya barabara ya Namanga, iko na swimming pool. Nilisimama pale juu nikaangalia hiyo maji yote, ya bluu, imelala tu, hakuna mtu anafua, hakuna ng'ombe anakunywa.

Nikamuuliza, "Na hii yote ni ya kuchezea?"

"Ni ya kuogelea, Mama. Ingia."

Nikaingia na taiti na ile tisheti refu ya mkutano wa akina mama wa kanisa. Siku za kwanza nilikuwa natembea tu pale kwa maji fupi, nimeshika ukuta, nikiomba. Lakini aliyenitoa kwa ukuta ni mjukuu wangu.

Huyu mjukuu, naye msichana, ni mtoto wa huyo msichana wangu. Mimi ndio nilimlea, kwa sababu mamake alikuwa anashona nguo kwa kiwanda huko Athi River, leo shifti ya mchana, kesho ya usiku. Mtoto alikuwa analala kwa kitanda yangu, na kabla alale lazima hadithi. Na kwetu ukisimuliwa hadithi hunyamazi. Mimi nikisema, "Fisi akaenda," wewe unaitikia, "Mmh." Nikisema, "Akafika kwa mto," unaitikia, "Mmh." Hivyo ndio najua uko na mimi. Mmh ikipotea najua umelala. Huyu mtoto alikuwa na mmh tamu sana. Inaanza ndefu, inapungua, inapungua, mpaka inakuwa kama nyuki ameingia kwa chupa, halafu basi, kimya.

Lakini watoto wanakua. Akafika miaka ya vitu vya kuweka kwa masikio. Nikianza, "Hapo zamani fisi," anatoa kimoja ananiambia, "Susu, hiyo nishaijua." Susu ndio nyanya kwa Kikamba. Na ni kweli, anaijua. Sikumlaumu. Nikawa nasimulia sufuria.

Kwa hivyo hiyo maji ndio iliturudisha pamoja. Yeye alikuwa amefundishwa kuogelea shuleni, na akaanza kunifundisha mimi. Alinishika tumbo na mkono moja nikaelea. Alinifundisha kupiga miguu. Mwishowe akanifundisha ile wanaita fristail, ya mkono huu mbele na ule nyuma, unageuza uso kando unavuta pumzi. Mimi napumulia upande wa kulia tu. Kushoto nikijaribu, shingo inakataa. Basi anaogelea kulia kwangu, na yeye anapumulia kushoto. Kila nikigeuza uso nipate hewa, namwona, na yeye ananiona. Ananipunguzia mwendo, kwa sababu mimi naenda kama lori imebeba simiti. Hiyo ni wakati wa kwenda. Wakati wa kurudi anakuwa kushoto yangu, simwoni tena, naona tu miguu ya watu wamekaa hapo kando.

Shida yetu ilikuwa ukuta. Mimi nikifika kwa ukuta nashika, nasimama, natoa miwani, nafuta pua, namshukuru Mungu. Yeye hashiki. Anakunja kichwa, anapinduka, miguu inapiga ukuta, pu, ameenda. Nikimaliza kushukuru naona tu povu kwa miguu yake, kama soksi nyeupe, ikienda mbali. Hapo ukutani ndio alikuwa ananiacha, kila mara.

Halafu ikasikika amepata nafasi ya senior school, ile sekondari ya juu, ya bweni, huko Loitokitok, chini ya mlima. Anaenda shule zikifunguliwa Januari. Kila mtu kwa nyumba alifurahi na mimi nikafurahi. Nikaenda jikoni nikafurahi huko peke yangu kidogo.

Hapo nikajua kitu nataka. Nilitaka kabla aende nigeuke naye hata mara moja. Sikuwa natafuta kushinda mtu. Nilitaka tufike ukutani pamoja na turudi pamoja, bila yeye kuningoja, na bila mimi kubaki pale nimeshika simiti.

Nikamuuliza kocha, kijana mmoja hufundisha watoto hapo Jumamosi, kama na mimi naweza kupinduka hivyo kwa ukuta. Akacheka kwa heshima, vile vijana huchekea nyanya.

"Shosho, hiyo ni ya watu wa mashindano. Wewe shika ukuta, pumzika, rudi pole pole."

"Kwani inaitwaje?"

"Tumble turn."

Mimi nikasikia tumbo-tani. Na niliona ni jina nzuri, kwa sababu nikimwangalia mjukuu wangu, ni kweli anakunjia kwa tumbo. Jioni nikamwambia msichana wangu, "Leo nimeanza mambo ya tumbo."

Akaacha kukata mboga ya sukuma. "Umekula nini, Mama?"

Mjukuu wangu alicheka mpaka akakaa chini. Akisimama akaniuliza, "Susu, uko siriasi?"

"Niko siriasi."

"Na magoti?"

"Magoti inafanya nini hapo? Si ni kichwa inatangulia."

Akaniangalia vile mtu huangalia mtoto ameomba kisu. Akasema, "Sawa. Lakini utaniskiza."

Tukaanza na godoro. Tulitandika sebuleni, akanionyesha vile kidevu inaingia kwa kifua, mgongo inakuwa mviringo. Msichana wangu akitoka kazini alinipata kichwa iko chini, matako iko juu, kitambaa imenifunika uso.

"Mama, umeanguka?"

"Hapana. Niko na homework."

Kwa godoro nilikuwa hodari. Kwa maji ilikuwa maneno ingine. Mara ya kwanza maji iliingia kwa pua ikaenda moja kwa moja mpaka kwa mawazo. Nilitoka nikikohoa mpaka askari wa geti, kijana wa Kimasai ambaye hunisalimia kwa lugha yao, "Sopa, koko," yaani habari nyanya, alikuja mbio na rungu yake.

"Koko, nani amekupiga?"

"Ni maji."

Akaiangalia hiyo maji, akaangalia rungu. "Hapo siwezi kukusaidia," akasema, akarudi kwa geti.

Siku ingine nilipinduka mbali sana na ukuta. Miguu ikatafuta ukuta, ikapata maji tupu. Nikageukia sijui wapi, nikaogelea kwa bidii yote, nikashika kitu nikidhani nimefika. Kumbe ni tumbo ya baba ya mtu. Nikamwambia pole. Akasema, "Sawa tu, mama," akavuta mtoto wake karibu.

Mjukuu wangu hakuchoka. Alinionyesha chini ya maji kuna mstari mweusi, na karibu na ukuta huo mstari unakatwa na mwingine, inakuwa kama msalaba.

"Ukiona msalaba, susu, inama."

Hiyo nilishika haraka, mimi ni mtu wa kanisa. Nikawa nainama mahali inafaa. Kitu ilinishinda ni pua. Wananiambia toa hewa na pua ukipinduka. Mimi natoa yote kabla, au naishika kabisa nisahau kuitoa. Kila siku naenda nyumbani pua inawaka kama nimenusa pilipili. Na Krismasi ikapita. Sanduku ya chuma ya shule ikanunuliwa, ikawekwa kando ya mlango, kila nikipita inanigonga mguu.

Siku moja nikatoka kwa maji nikakaa hapo kando, miguu ikining'inia. Nikamwambia, "Wacha tu. Nitashika ukuta. Wewe ogelea."

Akaja akakaa na mimi. Halafu akasema, "Susu, unakumbuka vile nilikuwa naitikia hadithi?"

"Mmh."

"Hiyo. Hiyo sasa. Fanya tena na ushike pua."

Nikashika pua nikajaribu kusema mmh. Ikakwama kama ng'ombe kwa mlango ya choo.

"Umeona? Mmh inatokea kwa pua. Ukisema mmh, maji haiwezi kuingia. Sema mmh ukiwa unapinduka, usinyamaze mpaka umalize."

"Na nitakuwa naitikia nani?"

"Mimi. Mimi ndio nitasimulia."

Nikamwangalia. Huyu ambaye alikataa hadithi zangu miaka hiyo yote. Akanirudisha kwa maji, akanisimamisha hatua chache kutoka kwa ukuta, yeye akapiga magoti hapo juu.

"Hapo zamani," akasema, "kulikuwa na fisi mmoja msichana."

Nikaenda. Nikaona msalaba, nikainama, nikasema mmh, mmmmh, ndefu, nikihisi mapovu yakinitekenya uso. Miguu ikakanyaga ukuta. Nikasukuma. Nilitokea nikiangalia mbingu, nimelala mgongo kama kombamwiko, lakini pua haikuwasha. Hata kidogo. Nikasimama nikamuuliza, "Huyo fisi alifanya nini?"

"Aliitwa shule ya mbali."

Nikaenda tena. Msalaba, kidevu, mmh. Miguu ikapata ukuta. Nikageuka hata nikalalia tumbo vizuri. Nikasimama.

"Akafurahi?"

"Watu wote kwao walifurahi," akasema. Alikuwa anachorachora maji na kidole, haniangalii. "Yeye aliogopa. Lakini hakuambia mtu."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Mimi sikosi maneno, mnajua. Lakini nilijua nikiingiza maneno yangu hapo atafunga, ataweka vile vitu kwa masikio, basi. Nikavuta pumzi, nikaogelea mpaka kwa msalaba, nikainama, nikamwitikia na roho yangu yote. Nikitokea nikamwona anafuta macho na kona ya taulo, lakini anacheka.

"Susu, hiyo mmh imesikika mpaka huku nje."

"Ndio ujue niko," nikamwambia.

Siku ya mwisho kabla aende, sanduku ikiwa imefungwa na majina imeandikwa juu na rangi nyeupe, tukaenda sisi wawili. Ilikuwa asubuhi, upepo wa Kitengela ulikuwa umeleta vumbi kidogo juu ya maji. Kocha alikuwa anapanga watoto. Askari alikuwa amesimama kwa geti yake akituangalia.

Tukaanza pamoja. Yeye kulia kwangu. Nageuza uso, namwona. Narudisha, nageuza tena, namwona, macho kubwa ndani ya miwani kama ya chura. Nikaangalia chini, mstari unakuja, unakuja. Msalaba. Nikainama nikaanza mmh yangu.

Na hapo, kichwa chini miguu juu, nikasikia ingine. Haikuwa yangu. Yangu ni nene. Hii ilikuwa nyembamba, kando yangu kabisa, kama nyuki ameingia kwa chupa. Nilikuwa nimeisikia mara ya mwisho kwa mto wangu wa kulalia, siku hizo akiwa mdogo. Yeye hahitaji mmh akipinduka, anajua kutoa hewa yake vizuri. Alikuwa ananiitikia mimi.

Miguu ikapata ukuta. Nikasukuma.

Kurudi simwoni, niliwaambia. Nilikuwa naona tu miguu ya watu na viti za plastiki. Lakini sikutafuta. Niliogelea hivyo na huo mwendo wangu wa lori mpaka upande ule mwingine, nikanyoosha mkono nikagusa ukuta, na kando yangu mkono mwingine ukagusa wakati huo huo.

Tukasimama tunahema. Akatoa miwani. "Umegeuka, susu."

"Tumegeuka."

Tukakaa kwa jua tukauke. Akaegemea bega langu, na nywele ilikuwa imelowa ikanilowesha, sikusonga. Akaniambia, "Ile hadithi ya fisi, malizia wewe. Mimi sijui mwisho."

"Alienda," nikasema.

"Mmh."

"Akakaa huko chini ya mlima, akazoea chakula yao, akapata rafiki mmoja anacheka kama yeye."

"Mmh."

"Shule ikifungwa, akageuka akarudi."

"Na susu yake alikuwa wapi?"

"Kwa maji," nikamwambia. "Anageuka geuka huko, akimngoja."

Nikangoja aitikie. Nikamwangalia. Alikuwa amelala.