Siku Tuliyopeleka Vikuba Diani

Nilipoolewa Tiwi nilikuwa sijawahi kushika ua kwa kusudi. Kwetu ni Samburu, bara ya Kwale, nchi kavu ya mbuzi na miiba, na huko ua lilikuwa dalili tu. Likitokea kwenye mgunga, mvua haiko mbali na mifugo itashiba. Hakuna aliyelichuma. Mume wangu alikuwa mpishi wa bibi mmoja wa Kizungu mwenye nyumba ya ufukweni Tiwi, na nilijuana naye gari la yule bibi lilipoharibika kwetu, wakakaa siku nne wakingoja chombo kutoka Mombasa. Mwaka uliofuata nilisilimu, tukafunga nikahi, nikahamia pwani katika nyumba ya mama yake.

Mavyaa yangu alikuwa fundi wa maua. Harusi haikufanywa Tiwi, wala Ngombeni, wala Waa, bila ya yeye kuletewa habari mapema. Alitunga makoja ya asumini ya kuvishwa bwana harusi, na alifunga vikuba, vile vishada vidogo ambavyo wanawake hujibandika kifuani: asumini, kipande cha mkadi, rehani, kilua kimoja katikati, na marashi ya kunyunyizia. Nyuma ya nyumba alikuwa na mistari mitatu ya asumini ambayo hata kuku walijua wasiikaribie.

Mimi pia nilijua nisiikaribie. Miezi minane nilikaa katika nyumba ile nikiteka maji, nikitwanga, nikikuna nazi, na kila alasiri alipokaa na sindano yake mkekani aliniambia kwa upole, "Wewe pumzika, mwanangu." Ulikuwa upole wa kumfungia mtu mlango. Siku moja nilimsikia akimwambia jirani kwamba mikono yangu imezoea kamba za mbuzi, na asumini ni kitu cha kuvunjika. Hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyoamini, na hata mimi niliiamini mikono yangu kuwa hivyo.

Basi katika miaka ile ya hamsini, Wazungu walianza kuja kwa wingi kupumzika Diani, na hoteli moja ya ufukweni ikatangaza maonyesho ya maua. Mume wangu alirudi kazini na habari hiyo. Alisema watakuja watu wa mataifa mbalimbali, wengine kutoka Unguja, wengine Seilani, wengine wake za mabwana wa meli wanaokaa Mombasa, na kila mtu ataleta maua aliyoyapanda au aliyoyapamba. Yule bibi wa Kizungu aliwahi kuona makoja ya mavyaa kwenye harusi, akamwombea meza.

"Meza ya nini?" mavyaa aliuliza.

"Ya kuweka vikuba, mama. Watu watazame."

"Kikuba hakiwekwi mezani. Kikuba huvaliwa."

"Watakitazama kwanza."

Alikataa siku mbili. Siku ya tatu alikubali, nadhani kwa sababu jirani alisema kwamba fundi wa Mombasa amekwishaombwa. Tena alihitaji mtu wa kumsaidia kubeba, na mume wangu alitakiwa kazini. Nikabaki mimi.

Siku yenyewe tuliamka kabla ya adhana. Baada ya kuswali alinipa kikapu, akanionyesha kwa taa macho ya asumini ya kuchumwa: yale meupe yaliyonenepa lakini bado yamefumba. Ndiyo mara ya kwanza kuniruhusu kuingia katika mistari yake. Aliyachagua yake haraka, mimi nikayachagua yangu moja moja, na kila nilipoleta konzi aliipitisha vidoleni, akatoa mawili matatu na kuyatupa. Ilipofika konzi ya nne hakutupa kitu. Akafunga vikuba na kutunga koja moja kubwa mpaka kukapambazuka, tukafunika kazi kwa kitambaa chenye maji na majani ya mgomba, tukaondoka.

Kati ya Tiwi na Diani kuna mto unaoingia baharini, na wakati ule tulivuka kwa miguu maji yakipwa. Asubuhi ile yalikuwa chini ya magoti. Tulibeba vikapu kichwani, buibui tumezikunja, mavyaa mbele akipapasa mchanga kwa wayo. Alitaka turudi mapema kabla maji hayajajaa. "Tunaweka, wanatazama, tunarudi," alisema.

Hoteli ilikuwa imejengewa banda refu la makuti uwanjani, wazi pande zote. Nilipoingia nilisimama. Sikuwahi kudhani kwamba duniani kuna maua mengi hivyo, wala kwamba watu wazima wanaweza kuyashughulikia kwa makini namna ile. Palikuwa na waridi kubwa kama vikombe zilizoletwa kwa gari moshi kutoka milimani, zimewekwa kwenye barafu iliyokuwa ikiyeyuka. Bibi mmoja wa Seilani alipanga petali kwenye sinia ya shaba, rangi baada ya rangi, bila ya bua hata moja. Wahindi wa Mombasa walileta mashada ya rangi ya manjano marefu kupita mtu. Wazungu walipenda maua yasimame juu ya kitu: juu ya gogo lililoletwa na bahari, juu ya kome, juu ya chungu kilichovunjika makusudi.

Meza iliyopakana na yetu ilikuwa ya mwanamke wa Kijapani, mwembamba, ambaye mumewe alikuwa na shughuli za meli bandarini. Alikuwa na bakuli bapa jeusi, tawi moja lililopinda, na maua mawili. Mavyaa alimtazama akiweka tawi, akilitoa, akilikata kidogo, akilirudisha, kisha akakaa.

"Masikini," mavyaa alininong'oneza. "Maua yamemwishia njiani. Mpe rehani kidogo."

Nilimpelekea kishada cha rehani. Alikipokea kwa mikono miwili, akainama, akakinusa, akakiweka kando ya bakuli na si ndani. Mavyaa akatikisa kichwa.

Waamuzi walikuwa watatu, wenye karatasi. Walipofika kwetu walituamkia vizuri. Mmoja alikiinua kikuba kwa vidole viwili, akakigeuza, akakirudisha. Macho ya asumini bado yalikuwa yamefumba, ya kijani kidogo kwenye vikonyo, na kwa mtu asiyejua yalifanana na mchele uliotungwa. Waliandika neno wakaendelea. Baada ya muda vikadi vya washindi vikawekwa mezani, vyekundu na vya buluu. Kwetu hakikuwekwa.

Mavyaa alivifunika vikuba kwa kitambaa, akaniambia tutembee kidogo, kisha twende zetu.

Tulikuwa tunaelekea kutoka, mimi nikaona, kwenye meza ya mwisho karibu na nguzo, mti ninaoujua. Shina fupi limevimba kama mtungi, vijitawi vitupu bila majani, na maua mekundu juu. Ulikuwa ndani ya chungu cha kununua, na mbele yake pana kikadi chekundu. Nilicheka. Nilijaribu kuzuia kicheko kikatoka puani. Huo ni mti wa kando ya njia kwetu. Tukiwa watoto tulikaripiwa tusiukaribie.

Mwenyewe alikuwa Mzungu mzee mwenye kofia ya ukili, amekaa pembeni. Alinitazama.

"Unaujua mti huu?" aliuliza kwa Kiswahili kizuri kuliko nilivyotazamia.

"Naujua, bwana. Umeutoa kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Samburu."

Akasimama. Alisema ni kweli, aliuchimba karibu na reli huko huko, mwaka mmoja uliopita, na tangu hapo anautunza kama mtoto.

"Unaumwagilia maji?" nikamuuliza.

"Kila asubuhi."

"Basi utakufa."

Mavyaa alinivuta buibui kwa nyuma. Lakini nilikuwa nimekwishaanza, na ule ulikuwa mti wa kwetu. Nilimwambia abonyeze shina pale chini, karibu na udongo. Akabonyeza, na kidole chake kikazama kidogo. Nilimwambia hivyo ndivyo kuoza kunavyoanza, autoe kwenye udongo ule mweusi, aukaushe kivulini siku kadhaa, aupande kwenye mchanga na kokoto, na kiangazi asiupe maji hata ukionekana kama umekufa. Nikamwambia pia asishike utomvu wake kisha akajipangusa macho, kwani wazee wetu waliupaka mishale. Yule mzee akajifuta mkono kwenye suruali, akatoa kijitabu na kalamu, akaniomba nianze tena tangu mwanzo, polepole. Aliuliza kuhusu mbegu, kuhusu upepo, kuhusu kama mbuzi huula. Nilimjibu yote. Sijui tulisimama muda gani, lakini kulikuwa na watu wengine wawili wakisikiliza tulipomaliza.

Tulipotoka nje mavyaa alitazama bahari. Maji yalikuwa yamekwishajaa. Mto haungevukika mpaka jioni.

Tuliketi kwenye kivuli nyuma ya banda, tukala mihogo ya kuchemsha tuliyoibeba. Nilingoja anilaumu kwa kumchelewesha.

"Yote yale ulikuwa ukiyajua?" aliuliza.

"Ni mti wa kwetu, mama."

"Hukuniambia kwamba unajua miti."

"Hukuniuliza, mama."

Nilijuta mara neno lilipotoka. Alitafuna muhogo wake mpaka ukaisha, akanywa maji.

"Kweli," alisema. "Sikukuuliza."

Akaniuliza basi. Tuliswali adhuhuri, na baada ya hapo aliniuliza juu ya migunga, juu ya uvumba unaotoka kwenye miti ya bara ambao yeye alikuwa akiununua dukani bila kujua miti hiyo hutobolewa vipi, juu ya mama yangu na mbuzi wake. Nilizungumza siku ile kuliko miezi minane yote. Alasiri tukarudi mezani kwetu kukaa, maana jua lilikuwa limetufuata. Mavyaa akawa analitazama lile tawi la Mjapani lililo jirani, kwa muda mrefu.

"Nimeliona sasa," alisema. "Limelala upande mmoja kama mkadi uliopigwa na kusi. Hayakumwishia maua. Ametaka tuuone upepo."

Jua lilikuwa limeshuka, na watu wengi walikuwa wakikusanya vitu vyao, pale niliposikia harufu. Nilikifunua kitambaa. Asumini zilikuwa zimefunguka zote, nyeupe kabisa. Mimi nilikuwa nimezichuma kwa mikono yangu na bado nilishangaa. Upepo wa bahari ulipita juu ya meza yetu ukaipeleka ile harufu mpaka mwisho wa banda, na watu wakaanza kugeuza vichwa wakitafuta.

Wa kwanza kuja alikuwa mwanamke wa Kijapani. Mavyaa hakungoja. Alichukua kikuba, akachomoa pini kwenye mtandio wake, akambandika kifuani, upande wa moyo, akamrekebisha kola kama anavyowafanyia mabibi harusi. Yule mwanamke alifumba macho akanusa, akasema kitu kwa lugha yake, na mavyaa akajibu, "Na wewe pia, mama," kama aliyeelewa. Kisha akaja bibi wa Seilani, ambaye alijua asumini tangu kwao na machozi yalimlengalenga. Kisha yule bibi mwajiri wa mume wangu, na wengine. Tulibandika vikuba mpaka pini zikaisha, tukaanza kufunga kwa uzi. Nilifunga vingine mimi mwenyewe, na mavyaa hakuvifungua kuvirekebisha.

Mmoja wa wale waamuzi alirudi. Alivua kofia, akasema anasikitika, walipita mapema mno, na vikadi vimekwishagawiwa.

"Hapana neno," mavyaa alimwambia. "Haya ni maua ya magharibi. Asubuhi hayana la kusema." Akamvisha koja, lile kubwa la bwana harusi, na yule bwana akaondoka nalo shingoni akitembea wima sana.

Tulivuka mto maji yakiwa kiunoni bado, vikapu vitupu kichwani, tukicheka kwa ajili ya yule mwamuzi. Mume wangu alikuwa amesimama ng'ambo, ameingiwa na wasiwasi. Baadaye aliniambia kwamba alisikia sauti za wanawake wawili wakizungumza kwa furaha, akadhani ni watu wengine.

Tangu wiki ile nilikaa mkekani alasiri na sindano yangu. Nilichomwa vidole vya kutosha, na makoja yangu ya mwanzo yalipinda, lakini nilikalia mkeka mmoja na mavyaa miaka kumi na minne. Yule mzee wa kofia alituma salamu kwa mume wangu mara mbili. Mara ya pili alisema mti umetoa majani.

Mwaka ule ule, mvua za vuli zilipopita, mavyaa alisema anataka kwenda kumwamkia mkwewe, mama yangu. Hakuwahi kufika Samburu. Tulipanda basi mpaka Likoni, tukavuka, tukapanda lori la njia kuu, na vumbi likamfanya mweupe mpaka nyusi. Mama yangu alimtandikia ngozi chini ya kivuli cha nyumba, akampa maziwa kwenye kibuyu. Niliwaacha hapo nikaenda kuteka maji. Niliporudi walikuwa wamesimama zizini, mama yangu amemshika mbuzi jike mdomo, akimfundisha mavyaa kutazama meno ili ajue umri wake.