Mikorosho Mitatu ya Uani

Siku hizi vijana wananifuata kuniuliza habari za nyumba. Mimi si dalali, ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, lakini katika Ruangwa ya sasa mtu yeyote mwenye mvi na paa lake mwenyewe anahesabiwa mtaalamu. Wanakuja na pikipiki, wananipa shikamoo ndefu kuliko kawaida, kisha wanaanza: "Mzee, ninunue sasa au nisubiri bei ishuke?" Huwa nacheka kwanza. Nimeishi Nachingwea na Ruangwa maisha yangu yote, na sijawahi kuona bei ya kiwanja ikipanda halafu ikakumbuka kushuka.

Tangu watu wa madini waanze kuja, Ruangwa imejua kujidai. Chumba na sebule ambacho zamani mwenye nyumba alikubembeleza ukae, ili tu kisigeuke makazi ya popo, leo anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, na bado anakuhoji una watoto wangapi na kama wanalia usiku. Nachingwea ndiko bado kuna nafuu. Kule utapata nyumba ya zamani yenye baraza pana na mwenyewe mwenye muda wa kukuandalia chai kabla ya kutaja bei. Lakini na kule wameanza kuchangamka, kwa hiyo mwenye kutaka asilale.

Basi nawapa ushauri wa kawaida. Kiwanja usikitazame kiangazi peke yake, rudi masika uone maji yanapita wapi. Ingia chooni, usione haya. Waulize majirani, wa kulia peke yake na wa kushoto peke yake. Nenda ofisi ya ardhi ujue kama kimepimwa, kisha ofisi ya mtaa. Wanatikisa vichwa, wengine wanaandika kwenye simu. Mwisho nawauliza: "Hapo uani pana miti? Nani aliipanda?" Hapo wanatazamana kama wanaosema mzee ameanza kuchoka. Sichoki. Ningeulizwa swali hilo mimi mwaka niliponunua nyumba hii, ningepona aibu kubwa.

Mke wangu alikuwa na boksi. Ndani yake mlikuwa na vikombe sita vya udongo vyenye maua ya bluu na birika lake, zawadi ya mama yake siku ya harusi yetu kule Chiola. Nilipopangiwa kazi Nachingwea mjini tulianza maisha ya kupanga, na tulihama nyumba tano. Ya kwanza mwenye nyumba alimwozesha mwanawe, akataka vyumba vyake. Ya pili ikageuzwa duka. Ya tatu ilivuja hadi tukalala na sufuria kitandani. Ya nne mwenyewe alipandisha kodi msimu wa korosho, akidhani na walimu tunavuna. Ya tano sitaki hata kuizungumza. Kila tukihama, mke wangu alivifunga vikombe vyake kwa magazeti, akavitia kwenye boksi na kulikaza kwa kamba ya katani. Tulipofika nyumba ya tano hakulifungua tena.

Siku moja nilimwambia afungue tunywe chai kama watu. Akanijibu bila kugeuka: "Mwalimu, vikombe vya harusi havinywewi kwenye nyumba ya mtu."

Tangu siku hiyo nilikuwa na deni moyoni. Boksi likakaa chini ya kitanda, nami kila nikiinama kutafuta viatu linanitazama. Nilijiapiza kwamba sitastaafu kabla sijamjengea au kumnunulia huyu mwanamke nyumba ambayo hakuna mtu wa kuja kumwambia afungashe.

Nilipohamishiwa Ruangwa, dalali akanionyesha nyumba upande wa kuendea Malolo. Tofali za kuchoma, bati lenye kutu kidogo, vyumba vitatu, na uani mikorosho mitatu iliyokomaa, kivuli chake kimeziba hadi jikoni. Mwenyewe alikuwa mzee aliyefiwa na mkewe, anahamia kwa mwanawe Mtwara. Bei ilinifaa. Mke wangu wakati huo alikuwa Chiola akimuuguza mama yake. Nilipompigia simu alisema neno moja tu: "Nisubiri nirudi." Na mimi ningemsubiri, lakini dalali alininong'oneza kwamba kuna mtu wa madini anakuja Jumamosi na fedha mkononi. Leo najua kwamba mtu huyo wa Jumamosi yupo kwenye kila nyumba inayouzwa duniani. Wakati ule nilimwamini, nikakimbilia ofisi ya mtaa. Tukaandika nyumba na kiwanja chake, mashahidi wakatia saini, mwenyekiti akagonga muhuri. Nikarudi nikipiga mluzi, nimeshapanga kichwani kwamba mikorosho nitaikata nijenge vyumba viwili vya kupangisha.

Mke wangu alipokuja aliizunguka nyumba polepole. Aligusa kuta, akafungua madirisha, akatabasamu, nami kifua kikanijaa. Kisha akasimama uani na kutazama juu.

"Mikorosho hii kaipanda nani?"

"Mwenye nyumba. Nani mwingine?"

Boksi alilisukuma chini ya kitanda na kamba yake. Nilipomuuliza linangoja nini, akasema, "Acha msimu upite kwanza."

Sasa naomba nijiseme mwenyewe kabla hujanisema. Mimi ni mtoto wa Narung'ombe, vijijini huku huku Ruangwa. Mama yangu alikuwa na mikorosho yake katika shamba la kaka yake, na shamba lile lilipouzwa mikorosho ile haikuguswa. Mama aliendelea kuokota korosho zake kila msimu, nami nikimbebea tenga. Kwetu ardhi ni ya huyu na mti ni wa aliyeupanda, na jambo hilo halihitaji kuandikwa kwa sababu hakuna asiyelijua. Nililijua vizuri sana. Ila nilikuwa mtu wa chaki na daftari, nikafikiri muhuri wa ofisi ukishagongwa, mambo ya Narung'ombe yamekwisha.

Msimu ulipoingia, asubuhi moja niliamshwa na sauti ya ufagio uani. Nikatoka. Bibi mmoja mwembamba, khanga moja kiunoni na nyingine kichwani, anafagia chini ya mikorosho, tenga lake kaliegemeza kwenye ukuta wangu mimi niliyeununua.

"Shikamoo, bibi."

"Malahaba, baba. Umeamka?"

"Nimeamka. Unamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu. Kolosho zimeanza kuanguka."

Nikamweleza kwa adabu, ingawa adabu yenyewe ilianza kuchemka, kwamba nyumba hii nimeinunua. Bibi akanyoosha mgongo akanitazama kwa huruma.

"Najua, kaka yangu kaniambia. Nyumba umenunua, baba. Mikolosho hukununua."

Nilikwenda kwa mwenyekiti kwa mguu, sikuhitaji pikipiki, hasira ilinibeba. Alivaa miwani, akaupitia mkataba kwa kidole mstari kwa mstari. "Mwalimu, hapa pameandikwa nyumba na kiwanja. Mikorosho iko wapi?" Tukampigia yule mzee wa Mtwara, na alishangaa kweli, hakuwa tapeli hata chembe. "Uliniuliza choo," alisema kwenye simu. "Uliniuliza mpaka. Uliniuliza hata mchwa. Mikorosho hukuniuliza. Sasa mali ya dada yangu ningekuuziaje?" Mwenyekiti akavua miwani. "Samahani, mwalimu. Kwani wewe si wa Narung'ombe?"

Nilirudi nyumbani nikamkuta mke wangu amemkaribisha bibi jikoni, wanakunywa chai kwenye vikombe vya plastiki. Bibi alipoondoka nilisubiri kufokewa. Hakufoka, na heri angefoka.

"Nilikwambia unisubiri," alisema. "Ningekuwepo ningeuliza. Sasa umeninunulia nyumba, na bado kuna mtu wa kutupigia hodi."

Maneno hayo yalinichoma kuliko yote niliyowahi kuambiwa. Nilijaribu kuyatengeneza. Nilimfuata bibi kwake, nikamwomba aniuzie ile miti mitatu. Akaniambia aliipanda kwa mkono wake akiwa na mimba ya kwanza, na kwamba Mungu alimpa watoto wa kiume watupu, hana wa kike wa kumwachia, lakini hilo halikuwa sababu ya kumuuzia mwalimu mwenye macho ya panga. Aliniona vizuri bibi yule.

Ikawa ndiyo maisha yetu. Kila msimu bibi alikuja na tenga lake. Kwa kuwa kaka yake alikuwa amehama, kazi ya kupuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, ilikosa mtu, nikaifanya mimi. Mwaka wa kwanza niliifanya kwa hasira, nikipiga chafya na kulaani. Mwaka wa pili kwa mazoea. Wa tatu nilijikuta nahesabu maua na kumpelekea bibi habari kabla hajauliza. Mke wangu naye alianza kuamka alfajiri kufagia chini ya miti ili bibi asiiname sana, na zile zilizoanguka alizikusanya kwenye beseni, zikamsubiri mwenyewe. Jioni walikaa wawili kwenye moshi mweusi wakichoma korosho juu ya bati, vidole vyeusi, harufu ya mabibo imejaa uani, wakicheka kwa Kimwera mambo ambayo nilipojitokeza yalinyamaza. Nikikumbuka jioni zile roho inaniuma kwa utamu wake. Wakati ule niliziona kelele.

Mji nao ulikua. Jirani zangu wote walijenga vyumba vya wapangaji, wakabadilisha mabati, mmoja akanunua gari. Tajiri mmoja akaja kwangu akitaka kukodi uwanja wote wa nyuma aegeshe mitambo, sharti miti itoke. Nilimweleza mke wangu. Akasema, "Miti si yangu wala si yako. Kamwambie mwenyewe." Nikaenda. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, asinijibu ndiyo wala hapana.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, aliingia uani na mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wawili, na kaka yake aliyemwita kutoka Mtwara. Nikajua ameamua kuuza. Nilikwenda kuleta viti mbio. Bibi hakukaa. Alishika shina la mkorosho wa kati, akasema:

"Mikolosho hii yote mitatu nampa huyu." Akamwonyesha mke wangu, aliyekuwa mlangoni na mikono yenye unga. "Kaifagia miaka yote, hajaokota hata moja mpaka nimpe. Mtoto wa kike nimepata. Mwalimu simpi. Mwalimu atakata."

Watu walicheka hadi mwenyekiti akashindwa kuandika. Mimi nilicheka nao, huku masikio yananiwaka. Muhuri ukagongwa. Nilipogeuka kumtafuta mke wangu hakuwepo. Kutoka chumbani nikasikia kisu kinakata kamba ya katani.

Alitoka na vikombe sita kwenye sinia, kimoja kimekatika mkono kwa safari zetu zote. Kile kilichokatika alinipa mimi. Tulikunywa chai uani, bibi akashika kikombe kwa mikono miwili na kukigeuzageuza atazame maua. Mke wangu alikuwa analia na kunywa kwa wakati mmoja. Tajiri wa mitambo alipata uwanja kwa jirani.

Bibi alitutoka, na baada ya miaka mke wangu naye akatangulia. Alipoona hali yake si nzuri alimwita mwenyekiti, akairithisha mikorosho yake. Safari hii niliuliza kama ni zamu yangu, nikiwa na tumaini kidogo. Akanitazama kama bibi alivyonitazama, mtu mwenye macho ya panga. Alimpa binti yetu, aliye muuguzi Nachingwea.

Mwaka jana dalali alikuja na mnunuzi na bei ambayo ilinibidi nikae chini. Mwanangu wa kiume, yuko Dar, akanipigia simu mara tatu kwa siku moja: "Mzee, uza fasta, soko limechangamka, unakaa peke yako humo unafanya nini?" Na ni kweli nyumba imekuwa kubwa. Jioni haina mtu wa kunyamaza nikitokea. Nikamwambia dalali nyumba ni yangu ila miti ina mwenyewe, anipe siku mbili. Nikampigia binti yangu.

Alinisikiliza, akaniaga, akakata simu. Kesho yake niliamshwa na sauti ya ufagio uani, na kabla usingizi haujanitoka vizuri nilidhani ni mama yake. Nilikaa kitandani kwa muda nikiisikiliza tu. Nilipotoka alikuwa amemaliza kufagia, maji yako motoni, na vikombe vitano vya bluu vilivyobaki amevipanga kwenye sinia, kile cha mkono uliokatika kimeelekezwa upande wangu.

"Baba, nyumba ni yako, sikuzuii," alisema, akimimina. "Ila mama alisema vikombe hivi havinywewi kwenye nyumba ya mtu. Ukiuza, tutanywea wapi?"

Nilikunywa chai yangu. Kisha nikatafuta namba ya dalali, nimwambie hapauzwi.