Mayai ya Kibisi

Nilipokuwa mtoto, kijijini Kerege, tulikatazwa kumtazama ndege mmoja. Alikuwa mdogo, wa kahawia, mwenye shingo ya rangi ya kutu, akizama hapa na kuibukia kule katika bwawa la nyuma ya mashamba yetu. Si ndege yule, walisema wakubwa, ni jini. Mtoto akimwona anazama, naye atazama.

Nilikwenda. Nilikuwa mkaidi, Mungu anisamehe. Nikajibanza kwenye matete asubuhi nzima nikamwona ana kiota kinachoelea, na kila akitaka kuondoka huyafunika mayai kwa majani mabovu, upesi upesi, kwa mdomo wake.

Wiki ileile mtoto wa jirani akashikwa na degedege. Wanaume wakaingia bwawani kumsaka yule jini, wakarudi na fungu la majani yaliyooza, ndani mayai manne.

"Haya yamefunikwa kwa mkono wa mtu, huu ni uchawi!" akasema baba mdogo. "Nani anashinda bwawani?"

Wote walimjua: Bi Somoe, mjane msuka mikeka, aliyekuwa akikata ukindu pale.

"Wanangu," akasema Bi Somoe alipoitwa, "kuku wangu mwenyewe ananificha mayai, hayo ya bwawani nitayajulia wapi?"

Mtu akacheka. Baba mdogo hakucheka. "Bibi, ondoka kwa heri kabla hujaondolewa kwa shari."

Nilikuwa nyuma ya mama. Ningesema, wangejua nilikwenda bwawani, na fimbo ya baba niliijua. Nikanyamaza. Bi Somoe akahamia kwa mpwa wake kule Ubena, akafia huko. Mtoto alipona kwa dawa za zahanati, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kumwomba radhi yule mama. Hata mmoja!

Mwaka jana alikuja kijana wa kuhesabu ndege. Nikamwambia bwawani kuna kibata kidogo.

"Huyo si bata, mama. Ni kibisi. Mdomo umechongoka, na miguu haina utando kama ya bata. Kila kidole kimetanuka peke yake kama jani. Halafu ana akili, hufunika mayai!"

Alifurahi kweli. Nilitamani kumzaba kofi, naye hana kosa.

Toba naleta kila sala. Lakini haki ya mja husamehewa na mja mwenyewe, na mwenyewe yuko kaburini Ubena. Baba mdogo yu hai, husali safu ya mbele. Namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, na moyo unaniwaka. Kisha namkumbuka Mungu, nakiri: baba mdogo hakujua. Mimi nilijua.