Majina Niliyoyafumua

Mkuu wa shule yetu, mama tuliyemwita Prefe, alilipenda neno "urithi" kama watu wengine wanavyopenda sukari, akalitia katika kila kitu. Ukivunja kiti, umevunja urithi. Ukichelewa kengele ya asubuhi, umeudharau urithi. Shule ya masista ya Kolwezi, hapa kwetu Katanga, alisema, haikuwa matofali mekundu tu. Ni nyumba iliyozaa walimu wa kike wa kwanza wa upande wote huu, toka Lubudi mpaka Kasaji. Na hilo lilikuwa kweli. Ndiyo maana lilimfaa sana: mwongo hodari hupenda kusimama juu ya jambo la kweli.

Mimi nilikuwa mwalimu kijana wa ushonaji pale, na kabla ya hapo mwanafunzi. Baba yangu alichimba shaba chini ya ardhi, na asili yetu ni Lubudi. Nataja asili kwa sababu katika mwaka ninaousimulia hiyo ndiyo iliyoamua nani angelala ndani na nani angelala nje.

Aliyenifundisha kushika sindano alikuwa mama mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi upande mmoja. Baba yake alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli, zamani za Wabelgiji. Yeye mwenyewe alizaliwa Kolwezi, akasoma shule hiyohiyo, akaolewa Kolwezi, akamzika mumewe Kolwezi. Kasai hakuwahi kuiona, hata kwa safari ya matanga. Tulimwita Mama wa Mishono. Hakuwa mpole. Mwaka wangu wa pili alinifumulisha upindo wa sketi mara nne, na mara ya tano aliutazama, akasema, "Bon. Sasa mutu anaweza kuivaa." Nilikwenda kulia chooni kwa furaha.

Yeye ndiye aliyetunza kabati la vitambaa. Desturi ya shule, tangu masista wa kwanza, ilikuwa kila msichana anayemaliza aache kitambaa cheupe, ukubwa wa leso, chenye mishono yote aliyojifunza, na chini yake jina lake limetariziwa kwa uzi mwekundu. Kabati lilikuwa limejaa. Mlikuwa na majina ya bibi za watu mle. Kila kiangazi Mama alivitoa vyote, akavitandaza barazani, kisha akavirudisha na majani ya mkaratusi kati yake ili wadudu wasiingie. Kazi hiyo hakuiita urithi. Aliiita kuanika.

Kisha migodi ikaanza kufa. Malori yakasimama, kantini ya kampuni ikabaki rafu tupu, maji yakawa yanakuja siku moja kwa juma, na wakubwa wakahitaji mtu wa kulaumiwa. Hawakujilaumu, bila shaka. Redioni na mikutanoni walisema shaba yetu imeliwa na wageni, na wageni hao ni watu wa Kasai. Wanaume walioshuka shimoni pamoja asubuhi wakapanda jioni wakiwa maadui. Vijana wa chama wakapita mitaani na chaki wakitia alama kwenye milango. Niliwajua baadhi yao. Mmoja alishindwa darasa la nne mara tatu, lakini siku hizo alikuwa profesa wa ukoo wa kila mtu.

Mkuu wa shule alituita walimu chumbani kwake. Alisema, kwa Kifaransa kilichopigwa pasi, kwamba wenzetu ambao si wa hapa wapumzike kidogo nyumbani, kwa usalama wao. Walimu watano walisimama wakatoka. Mama wa Mishono hakusimama.

"Mi niko wa wapi, Mama Prefe?" aliuliza. "Munionyeshe. Mulikuwa munaikala benchi ya mbele kabisa, na ni mi nilibafundisha kukata shati."

"Mama, musifanye bintu bikuwe nguvu," mkuu alijibu, akitazama karatasi zake.

Tulikuwa walimu kumi na mmoja tuliobaki mle ndani. Nakumbuka sakafu ilivyong'aa, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nikiitazama.

Nje, barazani, Mama alinitia ufunguo wa kabati mkononi.

"Kila kiangazi unabitosha mu kabati, unaanika. Usisahau majani."

"Nitachunga, Mama."

"Usiseme utachunga. Chunga."

Juma lile lile vijana wa chama walimtoa nyumbani kwake. Alikwenda stesheni na mwanawe, mke wa mwanawe aliyekuwa na mimba ya kuzaa wakati wowote, na cherehani kichwani. Umati ulikuwa umejaa pale, familia kwa familia, wakingoja treni iliyokuja ilipojisikia. Walilala kwenye udongo. Masika yalikuwa yameanza.

Shule ilikuwa imefungwa, na ukumbi wake mkubwa, wenye bati zima na jukwaa la mbao, ulikuwa mtupu. Nilikwenda kwa mkuu kuomba ufunguliwe. Nilijipa moyo njia nzima, maana sikuwa mtu wa kusema.

"Ukumbi ule ni urithi," alinijibu. "Batapika mule ndani. Batavunja mbao bawashe moto. Bakiisha kwenda, siye tutabakia na nini?"

"Kuko mwanamuke wa mimba pale, Mama. Bibi ya mutoto wa Mama wa Mishono."

"Kuko hospitali."

"Kule nako banabafukuza."

"Basi ile haiko kazi ya shule."

Akaniuliza kama nimekwisha kupanga daftari za mwaka mpya. Nikasema bado. Nikaenda kuzipanga.

Kesho yake Mama alikuja mwenyewe. Mvua ilikuwa nyepesi, ile isiyokatika. Alisimama nje ya lango la chuma, mkuu akasimama ndani na mwavuli, mlinzi kati yao na funguo zake kiunoni.

"Munifungulie siku tatu tu," Mama alisema. "Mutoto azaliwe mu fasi ya kukauka. Kisha nitafagia miye mwenyewe."

"Mama, mutaelewa. Niko nachunga kazi yenu wenyewe. Ni urithi wenu."

Mama alivua miwani, akaipangusa kwa pembe ya kitenge, na kitenge chenyewe kilikuwa kimelowa, kwa hiyo haikusaidia. Akaivaa tena. "Nilikufundisha miaka tatu," alisema, "na hii sikuiona." Akageuka, akaenda.

Nilikuwa wapi? Barazani, nyuma ya nguzo. Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba ufunguo niliokuwa nao mfukoni ulikuwa wa kabati, si wa lango. Ni utetezi mzuri, nadhifu. Unafanana sana na maneno ya mkuu.

Mtoto alizaliwa stesheni, chini ya turubai la msafirishaji mmoja, Mwislamu, ambaye wazee wake walitoka mashariki. Lori lake lilikuwa limejaa magunia ya unga. Alilifungua turubai, akaliacha lori wazi chini ya mvua, akawafunikia wanawake. Dereva wake alipolalamika, alimwambia kwamba unga unaweza kuanikwa, mtoto mchanga haanikwi. Mtu yule hakusoma hata siku moja katika shule iliyozaa walimu wa kwanza.

Siku chache baadaye mkuu aliniita. Kulikuwa na mkubwa anakuja kutoka Lubumbashi kuitembelea shule, na yeye alitaka kumwonyesha kabati.

"Ile majina ya bale ba Kasai, utaifumua," aliniambia. "Bitambala bibakie, mishono ni mizuri. Majina tu."

Nilifumua.

Sitasema nililazimishwa. Hakuna aliyenishikia fimbo. Nilikaa karibu na dirisha na mkasi mdogo, na nilifanya kazi safi, kama nilivyofundishwa: unakata uzi upande wa nyuma, unauvuta herufi kwa herufi kwa ncha ya sindano, unapiga pasi. Vipande vyekundu vilianguka miguuni pangu. Nilifumua majina saba kwa siku tatu. Wasichana saba ambao baadhi yao walinisuka nywele bwenini. Nilikuwa naogopa, ndiyo, lakini nitasema na jambo jingine, baya zaidi: nilikuwa naona fahari kidogo kwamba kitambaa hakichaniki.

Siku ya tatu, mchana, nilisikia treni ikipiga honi. Honi ndefu ya kuondoka. Nilikuwa katikati ya jina la saba. Nikajiambia: nimalize herufi hizi mbili, kisha nikimbie nikamuage Mama.

Nilipofika stesheni palikuwa na mafiga, majivu yaliyolowa, na yule msafirishaji anakunja turubai lake.

"Ni weye mwalimu wa sindano?" aliuliza.

"Ni miye, tata."

"Mama alikungoja. Alisema usisahau majani."

Hakuuliza kwa nini nimechelewa. Aliendelea kukunja, na mimi nikashika pembe ya pili tukakunja pamoja, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Mkubwa wa Lubumbashi hakuja shuleni. Alipita Kolwezi, akala kuku kwa mkuu wa mji, akarudi zake.

Juma lile nilitia vitambaa vyote katika gunia, nikavipeleka nyumbani, na kazini sikurudi tena. Mkuu hakunifuata. Alikuwa na urithi mwingine wa kushughulikia: madawati yalianza kutoka moja moja, madirisha yakafuata, na zile mbao za jukwaa zilizookolewa katika moto wa wakimbizi nilikuja kuziona zimekuwa milango ya nyumba ya mjomba wake. Milango mizuri, lazima niseme. Haikupitisha mvua.

Habari za Mama nilizipata kwa mwanamke mfanyabiashara aliyekuwa akipita Mwene-Ditu, kule Kasai. Alisema kuna mama pale anashona nguo za shule kwenye baraza ya watu, mkali sana, na majirani wanamwita "ule wa Katanga". Baada ya miaka miwili mwanamke yule yule aliniambia kwamba Mama amefariki. Sikuwa nimemwandikia. Ningemwandikia nini?

Miaka ikapita, shaba ikapanda tena, malori mapya yakatutimulia vumbi, na watu wakakumbuka kwamba wana historia. Kamati ikaundwa ya kuhifadhi urithi wa shule ya wasichana. Mwenyekiti, nani tena kama si mkuu wetu? Alikuwa mzee sasa, ana fimbo yenye kichwa cha shaba. Alikuja kwangu na wenzake watatu, akakaa kwenye kiti changu kizuri, akavifungua vitambaa kimoja kimoja, akilia machozi. Machozi kweli. Ndipo alipofika kwenye vile saba.

"Hivi vimeharibika," alisema.

Nilimtazama nione kama anacheza. Hakuwa anacheza. Alikuwa amesahau. Mimi nilibeba mambo yale miaka yote hiyo kama jiwe tumboni, naye aliyaacha njiani kama ganda la ndizi.

"Si unaweza kutarizi tena?" aliendelea. "Tia majina yoyote. Majina ya wasichana wa leo, itapendeza."

Nikakataa. Akasema basi, vitawekwa hivyo hivyo.

Siku ya maonyesho shule ilikuwa imepakwa rangi hadi kwenye mashina ya miti. Vitambaa vilitandazwa juu ya meza ndefu ukumbini, na mwenyekiti akatembea na kipaza sauti akiwaeleza wageni. Kwenye vile saba alisema, kwa sauti ya huzuni, kwamba hivi kwa bahati mbaya viliharibiwa na wadudu.

Nilisimama.

"Haikuwa wadudu," nilisema. "Ni miye nilifumua. Na ni weye ulinituma, mwaka ule wa kufukuzana, na Mama wa Mishono alikuwa analala na mvua kule stesheni."

Wageni wakageuka kunitazama. Kisha mwenyekiti akatabasamu, akainua mkono, na kwaya ikaanza kuimba. Kwaya ilikuwa nzuri. Wageni wa mstari wa mbele walinipigia makofi. Nafikiri walidhani nimo katika programu.

Nilivikusanya vile saba nikavitia mkobani. Hakuna aliyenizuia, wote walikuwa wanatazama kwaya. Nje, karibu na mkaratusi, mwanamke mmoja wa rika langu alinifuata. Sikumjua. Alisema familia yao ilirudi Kolwezi baada ya miaka mingi, na dada yake mkubwa alisoma hapa. Dada mwenyewe alifia njiani, katika treni ile. Akalitaja jina.

Lilikuwa la saba.

Nilikitafuta kitambaa chake nikampa. Alikiinua juani. Matundu ya sindano yalikuwa bado yapo, madogo madogo, na jua likapita ndani yake. Akayafuata kwa kidole toka kushoto kwenda kulia, polepole, midomo ikitaja herufi. Alisoma jina lote. Nilingoja aniseme, au anitemee mate. Hakufanya lolote. Alikikunja mara mbili, akakitia kifuani, akaenda zake bila kuniaga, na sikuona kwamba nilistahili kuagwa.

Vile sita viko kwangu. Naanika kila kiangazi.

Mwezi uliofuata kamati ilimletea kila aliyechangia cheti cha shukrani kwa kuhifadhi urithi. Changu kilikuwa cha karatasi nene, bora, na jina langu lilikuwa limeandikwa vibaya. Nilikigeuza, nikakichora kwa chaki, nikakikata kielelezo cha kukatia kola. Kola inatoka vizuri sana.