Hodi ya Tatu

Viatu vilivyolowa vina harufu ya aibu. Kwangu mimi, angalau. Mvua inaponyesha hapa ugenini Takoma Park, binti yangu hurudi kutoka kituo cha treni, akavivua vyake mlangoni na kuviacha vikivuja maji sakafuni, nami hupita hapo kwa haraka, kama mtu apitaye mbele ya nyumba ya jirani aliyemkosea.

Nilikuwa na miaka kumi. Baba alikuwa Uswisi akisomea uchungaji, nasi tulimfuata kutoka Bukavu. Kiangazi kimoja, baba akiwa amezama vitabuni, waumini wenzake walituchukua, mama na mimi, pamoja na vijana wao, kutembea katika milima ya Alpi. Tulilala kibanda cha bondeni. Siku iliyofuata tulipaswa kupitia cha kati na kulala cha juu.

Mama alivaa kitenge juu ya suruali, na mabuti ya kuazima aliyoyajaza matambara nchani. Hewa ilinukia majani yaliyofyekwa na samadi, na kengele za ng'ombe zililia tusikoweza kuona. Alimsalimu kila mchunga mifugo, na ng'ombe wawili watatu.

Matata yalianzia kibanda cha kati. Mlango ulikuwa wazi, watu wakiingia na kutoka, lakini mama alisimama nje akaita, "Hodi!" Kwetu mtu haingii pasipo kuambiwa karibu, na akiita mara tatu asijibiwe, huenda zake bila kinyongo. Mtunza kibanda alitoka akitabasamu, akamshika mkono. Vijana wa kanisa wakaangua kicheko, na tangu hapo nikawa na jina jipya, hodi kwa Kifaransa chao kisichotamka h.

"We, Odi! Huo mwamba umeuomba ruhusa?" aliniuliza Luka, mkubwa wao. "Bisha kwanza, Odi, mbuzi wasije wakanuna!"

Nilicheka nao. Kicheko changu kilikuwa kirefu kuliko vyao.

Alasiri ukungu ulishuka, kisha mvua iliyochanganyika na barafu. Sisi vijana tulitangulia. Watu wazima walibaki nyuma na mzee mmoja aliyeumwa goti. Katika kibanda cha juu viatu vilivuliwa kwenye chumba kidogo cha mlangoni, na ndani watu wakavaa ndara za sufu. Tulijibana mbele ya jiko la kuni. Mtunza kibanda alikuwa nyuma, akigonganisha masufuria. Ndipo nikaisikia.

"Hodi!"

Mama alikuwa amewaacha wenzake, aje aone kama nimefika salama.

"Odi, si mama yako huyo?" aliuliza Luka.

"Si yeye," nilisema, kwa Kifaransa safi kabisa.

"Hodi!"

Neno moja lingetosha, na katika chumba kile ni mimi peke yangu niliyekuwa nalo. Nikatazama moto.

"Hodi, jamani."

Kisha mvua peke yake.

Aliingia baadaye sana, wengine walipofika, kitenge kimemganda miguuni, midomo ikitetemeka. Aliniwekea mkono kichwani, akasema kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, ambako mama humwita mwanawe papa, "Biatu byako bilikuwa na maji, papa. Nilibitundika juu, bikauke."

Usiku ule nilimshukuru Mungu kwamba hakujua.

Nilikuwa mtu mzima, baba wa mtoto, nilipoielewa kauli ile. Ili avitundike viatu vyangu, ilimbidi asimame katika chumba kile cha mlangoni, ubao mmoja tu ukitutenganisha. Alijua nimo ndani. Huenda alinisikia nikimkana. Akarudi mvuani kungoja wenzake, ili uongo wangu usiumbuke mbele ya rafiki zangu. Watu husema mtoto hana dhambi. Nimesoma vitabu vingi, na sijakutana na hoja ya kunishawishi.

Mama amezikwa Bukavu. Juzi binti yangu alikuwa chumbani na wenzake, wakicheka kwa Kiingereza. Nikaita hodi, kicheko kikakatika. Nikaita tena. Viatu vyake, alivyovivua safari hii mlangoni pa chumba, vilikuwa miguuni pangu, vikitona maji, nikaviokota nikavitundika. Ya tatu niliimeza. Kama asingeiitikia, ingekuwa mzigo wake, na uzito wake naujua.