Bandeji Ndefu

Mama mkwe wangu alipasuliwa tumbo zamani, akarudi kijijini kwetu Didia na kovu lililoanzia chini ya kifua likapita kitovu. Watu walijaa uani. Majirani walimlimia shamba, wakamchotea maji, na kila aliyekuja kumjulia hali alionyeshwa kovu, akatikisa kichwa, akaacha kuku.

Mimi niliondolewa kipande cha utumbo mpana chenye uvimbe, huko Mwanza. Daktari alipitisha kamera na vyuma vyembamba kwenye matundu madogo. Moja tu ndilo lililotanuliwa ili kipande kitoke. Akasema nina bahati, zamani ningechanwa tumbo zima. Akanikanya nisilime wala nisibebe ndoo mpaka aniruhusu, maana ndani nimeshonwa.

Bahati hiyo ilinikosesha watu. Waliokuja siku ya kwanza walitaka kuona, nikafunua kanga. Wakatazamana.

"Ni haka tu?" jirani akauliza. "Mbona jipu la mwanangu lilikuwa kubwa kuliko haka?"

Waliaga kabla chai haijachemka. Mume wangu akapiga simu kutoka machimboni Geita: "Nasikia umerudi mzima. Mvua imeshanyesha huko, usichelewe kupanda."

Nililia, kisha nikakasirika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini hawa hata kitanda walikataa kukiona! Na ndoo ilikuwa tupu. Basi nikachukua bandeji na plasta, nikajibandika kuanzia kifuani hadi chini ya kitovu, nikamwambia jirani vidonda vimefumuka.

Jumapili baada ya misa wakajaa. Uji, kuku, pole mayu, pole mama, pole sana. Vijana wakaingia shambani na majembe. Nilikaa katikati yao nimeshiba, mpweke kuliko nilipokuwa peke yangu. Walikuwa wakinipa pole ya kidonda nisichokuwa nacho, na kile kilichoshonwa ndani hakuna aliyekiuliza.

Jioni, wageni wakiwa bado uani, mama mkwe aliingia na maji ya vuguvugu, akafunga mlango.

"Kidonda hakikai hivi bila kusafishwa," akasema.

Sikupata hata nafasi ya kumzuia. Alibandua plasta taratibu, akaiona ngozi nzima na vile vitundu. Akavigusa kimoja kimoja.

"Huku ndani wamekushona?"

"Ndiyo, mama."

Akairudisha bandeji palepale, akakandamiza kingo zake, akatoka. Nikamsikia akiwaambia walioko uani: "Kibichi kabisa. Huyu asishike ndoo."